Nejla Alisema Hapana

Wifi yangu Nejla alirudisha pete ya uchumba katikati ya msimu wa maua. Nyumba ilikuwa imejaa magunia ya maua ya mdanzi, chungu cha shaba cha kutonesha maji ya maua kilikuwa motoni tangu alfajiri, na hakuna mtu aliyekuwa na nafasi ya kukaa chini sembuse kugombana. Aliiweka pete mezani mbele ya mama yake, kando ya sinia la mkate.

"Simtaki tena Wajdi," akasema. Kisha akabeba kikapu chake akapanda juu ya paa, tulikokuwa tumetandaza mashuka ya kuanikia maua.

Mama Bahija, mama mkwe wangu, alibaki ameshika kisu hewani. "Mtoto huyu karogwa," akaniambia. "Harusi mwezi wa nane, ukumbi tumeshauzungumzia, shangazi zake wa Sfax wameshashona nguo. Sihem, mfuate wifi yako. Muulize nani kamroga."

Mimi nimeolewa katika nyumba hiyo, hapa Nabeul, Tunisia, na kaka yake Nejla, Mehrez. Wakwe zangu wanakaa chini, mimi na Mehrez na binti yetu Chahd tunakaa juu, na ngazi kati yetu haipumziki. Baba mkwe, Baba Tijani, ni mfinyanzi. Anafinyanga, anachoma, na Nejla ndiye anayechora. Samaki wa Nejla akiwa kwenye sahani unaogopa kummwagia mchuzi asije akaogelea akaondoka zake. Watu hutoka Tunis kuja kuwatafuta samaki hao.

Basi kwa muda wa wiki kadhaa kabla ya siku ile ya pete, samaki walikuwa wamepinda. Mistari ilitetemeka. Baba Tijani alizitenga zile sahani pembeni, na mimi nikadhani ni wasiwasi wa bibi harusi. Sote tulidhani hivyo. Tulimtania. Mama Bahija akawa anamwambia, "Chora tu, mwanangu, mume haumi."

Nilimkuta Nejla amekaa katikati ya maua, anachambua majani. Sikumuuliza nani kamroga. Nilikaa nikachambua naye. Baada ya muda mrefu akasema, bila kuinua macho:

"Sihem, mtu akisema hapana, kisha akanyamaza, amekubali?"

Mikono yangu ikasimama.

"Amesema hapana wapi?" nikauliza.

Ndipo akanieleza. Wajdi alikuwa anajenga nyumba yao njia ya kwenda Dar Chaabane. Kuta zilikuwa zimesimama, madirisha bado, mifuko ya saruji sebuleni. Alimpigia simu akamwambia aje achague jiko likae upande gani, maana fundi anasubiri. Nejla akaenda kwa furaha, hata vipimo vya kabati alikuwa navyo. Fundi hakuwapo. Wajdi alianza kwa utani, kisha kwa kubembeleza, kisha akaacha kubembeleza.

"Nilimwambia hapana. Nilimwambia Wajdi, acha, mimi sitaki. Nikamsukuma. Akacheka akasema utazoea. Halafu mwili wangu ukaganda, Sihem. Ukawa kama si wangu. Nilikuwa naangalia nondo zilizotokeza ukutani, nazihesabu, sijui kwa nini. Sikupiga kelele. Najiuliza kila siku kwa nini sikupiga kelele. Alipomaliza akanirudisha nyumbani kwa gari, akaninunulia maandazi njiani. Maandazi! Akaniambia usinune, wewe ni mke wangu tu, bado karatasi."

Nilitaka kumkumbatia. Nikaona mabega yake yamekaza, yamepanda hadi masikioni. Nikamuuliza, "Nikushike?"

Akatikisa kichwa kukataa. Nikarudisha mikono yangu mapajani. Tulikaa hivyo, na jua likahama kutoka shuka moja hadi jingine. Baadaye yeye mwenyewe alisogea akaegemeza kichwa begani kwangu, na hapo ndipo alipolia.

"Nakuamini," nikamwambia. "Na hukukubali. Umesikia? Mwili kuganda si kukubali. Ulisema hapana, akasikia, akaendelea. Kosa ni lake, lote."

"Watasema nilikwenda mwenyewe."

"Ulikwenda kuangalia jiko."

Akacheka kidogo, kicheko chenye kamasi. Nilimuuliza anataka nini kifanyike, na nani aambiwe. Nilimwahidi kwamba mtu ambaye yeye hataki ajue, hatajua kwangu, hata Mehrez. Alifikiri. Akasema tuanze na mama yake, lakini niwepo.

Mama Bahija aliposikia alijipiga mashavu kwa viganja vyote viwili. Kisha akasema yale ambayo Nejla alikuwa akiyaogopa. Ulikwenda kufanya nini huko peke yako? Kwa nini hukupiga kelele? Kisha, kwa sauti ya chini kama anayejadiliana na nafsi yake: "Na si wanasema msichana akinyamaza amekubali? Siku nilipoposwa mimi nilinyamaza, shekhe akasema basi, amekubali."

"Mama, mimi sikunyamaza," Nejla akasema. "Nilisema hapana."

"Basi tuharakishe ndoa. Tuifanye mwezi ujao. Yatafunikwa."

"Yatafunikwa kwa nani? Mimi nitakuwa chini ya hilo shuka naye, kila siku ya maisha yangu. Unataka hivyo?"

 Mama Bahija akaketi kwenye kigoda cha jikoni, na chungu cha shaba kikaendelea kutona matone yake kwenye chupa, na hakuna aliyekumbuka kuibadilisha hadi maji yakafurika sakafuni.

Wajdi alikuja siku iliyofuata, na hakuja peke yake. Alikuja na mama yake, Bi Zakia, na mjomba wake mwenye tumbo kubwa anayependa kupatanisha watu. Walileta keki na vitambaa, kama kawaida ya wanaokuja kulainisha mambo. Na lazima niseme ukweli kuhusu Wajdi: sote tulimpenda. Alikuwa na duka la vipuri vya magari, alikuwa rafiki wa Mehrez tangu utotoni, na alipoingia mahali watu walianza kutabasamu kabla hajasema kitu. Mama Bahija alikuwa akimpakulia paja la kuku kabla ya mwanawe wa kumzaa. Mehrez alikuwa akilalamika, "Mama, mimi ndiye niliyetoka tumboni mwako," naye anamjibu, "Ndiyo maana nimekuchoka."

Mehrez na Baba Tijani walikuwa wanajua jambo moja tu, kwamba pete imerudishwa. Mehrez alikuwa amekasirika. Asubuhi ile alikuwa amegonga mlango wa Nejla akisema, "Unaniaibisha mbele ya rafiki yangu kwa sababu ya nini? Amekukosea nini, hajakuletea ua?" 

Nilidhani atajificha chumbani. Lakini kahawa ilipopelekwa, alitoka na nguo zake za karakana, rangi ya buluu kwenye kucha, akakaa kwenye kiti karibu na mlango.

Mjomba alianza kwa kusalimia mpaka akaishiwa na watu wa kusalimiwa. Akasema vijana hugombana, hata ulimi na meno hung'atana na bado vinaishi kinywa kimoja. Bi Zakia akasema yeye anamhesabu Nejla kuwa binti yake. Wajdi akasema, akitabasamu, "Ami Tijani, kama nimemkwaza niko tayari kumbusu kichwa mbele yenu wote."

Baba Tijani ni mtu wa maneno machache. Anaongea na udongo zaidi kuliko na watu. Alimgeukia binti yake. "Nejla, binti yangu. Ulimkubali mwenyewe, hakuna aliyekulazimisha. Sasa umekataa. Mimi nataka sababu. Ukipenda kuisema mbele yao, sema. Ukipenda kuniambia peke yangu, nitawaomba wageni watupishe."

Naye akaisema. Hakupamba wala hakulia. Alisema ilikuwa wapi, alimwambia nini, na yeye alifanya nini. Sentensi zake zilikuwa fupi kama za mtu anayesoma orodha ya sokoni. Bi Zakia alianza, "Astaghfirullah, msichana gani anasema mambo kama..." na Mama Bahija, ambaye tangu jana hakuwa amesema neno, akamkata: "Mwache amalize."

Nilikuwa nikimtazama Wajdi. Nilitegemea atakana. Nilikuwa nimejiandaa kabisa kwa uongo wake. Lakini yule hakuona cha kukana. Alicheka kwa aibu kidogo, akainua mabega.

"Ami Tijani, haya ni mambo ya wachumba. Yasingefaa kufika hapa, lakini ndiyo hivyo."

"Alisema hapana au hakusema?" Baba Tijani akauliza.

"Alisema, ndiyo. Lakini Ami, nani asiyesema? Wote husema hapana mwanzoni. Mwanamke mwenye heshima atasemaje ndiyo? Ningemdharau." Akamgeukia Mehrez. "Ndugu yangu, wewe ni mwanamume, waambie. Na baadaye alinyamaza. Angekuwa hataki si angepiga kelele?"

 Mama Bahija alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Nadhani alikuwa anayasikia maneno yake mwenyewe ya jana, yakitoka sasa kwenye mdomo wa Wajdi, na hakuipenda sura yake.

Baba Tijani aliinuka. Ni mfupi, lakini siku ile alionekana kuwa mrefu kuliko mlango. "Chukueni vitu vyenu," akasema. "Keki pia."

"Tijani, tusikilizane," mjomba akasema.

"Nimesikiliza. Nimeuliza, amenijibu. Tokeni nyumbani kwangu."

Wajdi alimtazama tena Mehrez, akimngoja. Mume wangu alikuwa anaangalia zulia. Hakusema "toka," hakusema "kaa." Walipoondoka alitokea mlango wa nyuma, nikasikia pikipiki yake ikiwaka.

Mama Bahija alivunjika pale pale sebuleni. "Tijani, mimi nilimwambia mtoto kwamba kunyamaza ni kukubali," akalia. "Mimi mwenyewe, mama yake."

Baba Tijani alikaa karibu naye. "Bahija, siku ile ya posa yako shekhe alikuuliza kwanza, sivyo? Uliulizwa kwenu, baba yako yupo, ungetaka kukataa ungekataa, na mimi ningerudi kwetu nikalie kimya kimya. Huyu hakuulizwa. Na ingawa hakuulizwa, alijibu. Utamtafutiaje mtu jibu kwenye ukimya wake wakati ameshakupa jibu kwa mdomo?"

Kisha akamwambia Nejla neno ambalo wifi yangu anasema ndilo lililomfanya alale usiku ule kwa mara ya kwanza. Alimwambia, "Hukuvunjika kitu, mwanangu. Yeye ndiye aliyevunja."

Mehrez alirudi kesho yake mchana. Nilikuwa jikoni kwetu juu nachambua pilipili za kutengenezea harissa, ile chachandu yetu, macho yananiwasha, na Chahd alikuwa shuleni. Alikaa mezani bila kuvua koti. Nikamngoja. Mimi na Mehrez tumeoana miaka mingi kiasi cha kujua kwamba ukimvuta harudi, ukimwacha anakuja.

"Sihem, na mimi?" akauliza mwishowe.

"Na wewe nini?"

"Nimewahi... Wajdi alisema niwaambie. Mimi ni mwanamume, niwaambie. Nimezunguka na pikipiki mpaka Korba nafikiri ningewaambia nini. Tulikua pamoja. Vichekesho vyake ndivyo vyangu. Yale aliyoyasema, hayo ya mwanzoni wote husema hapana, nimeyasikia kijiweni mara ngapi, nikacheka. Sasa nakuuliza wewe. Mimi nimewahi kukufanyia hivyo?"

Nilinawa mikono kwanza. Swali kama hilo halijibiwi ukiwa na pilipili vidoleni.

"Hujawahi kunilazimisha," nikamwambia. "Ningekuwa nimeshaondoka, unanijua. Lakini Mehrez, hujawahi kuniuliza pia. Kuna siku nimekuwa nimechoka, au nina mawazo, nikanyamaza tu ili yaishe. Wewe ukaona nimenyamaza, ukafurahi."

Uso wake ukawa kama wa mtu aliyekosa ngazi gizani. "Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu na mimi nilifundishwa kwamba mke hasemi mambo haya, ananyamaza tu. Nimeanza kufikiri mambo haya vizuri juu ya paa na dada yako."

 Kisha akafanya jambo la Mehrez kabisa, la kunifanya nikumbuke kwa nini niliolewa naye. Alivua koti, akavuta bakuli la pilipili, akaanza kuchambua na mimi, na akajishika jicho kwa kidole chenye pilipili, na tukaishia yeye kichwa chini ya bomba akipiga kelele na mimi nikimmwagia maziwa ya Chahd usoni. Tulicheka kama wehu. Na tangu siku hiyo huwa ananiuliza. Mwanzoni alikuwa anauliza kwa sauti ya mtu wa benki, "Samahani, unaridhia?" nikawa namwambia nitapiga muhuri. Siku hizi anauliza vizuri. Nikisema leo hapana, anageuka analala na anakoroma. Nikisema ndiyo, ndiyo yangu ina ladha ambayo haikuwa nayo zamani. Nayasema haya kwa sababu watu wanadhani kuuliza kunaharibu mambo.

Jioni ile alishuka chini, akasimama mlangoni kwa Nejla, hakuingia. "Dada, nilikusema vibaya kuhusu ua," akamwambia. "Nisamehe. Ukitaka kwenda polisi nitakupeleka. Usipotaka sitakusukuma."

Nejla alichukua siku zake. Kuna asubuhi aliamka akisema tuende, akifika mlangoni anarudi. Hatukumharakisha. Hata Mama Bahija, ambaye kwa kawaida huharakisha mpaka mkate tanurini, alijiuma ulimi. Siku aliyoenda polisi aliondoka amevaa viatu vyake vya bei ya juu, vile vya sikukuu. Nilimuuliza mbona viatu hivyo. "Nisikie kwamba naenda mahali kwa miguu yangu," akasema.

Afande aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo, wa kitengo kinachoshughulikia mambo haya. Alifunga mlango, akazima simu yake. Hakumuuliza alikuwa amevaa nini. Alimuuliza, "Ulimwambiaje kwamba hutaki?" na Nejla akamweleza, na afande akaandika, kisha akamuuliza kama anahitaji kupumzika. Kila hatua alimwambia kwanza itakuwaje, kisha anamuuliza kama yuko tayari. Daktari naye vivyo hivyo. Nejla aliniambia njiani kurudi, "Ajabu, leo watu wasionijua wameniomba ruhusa mara nyingi kuliko mtu aliyetaka kunioa."

Sitadanganya kwamba mji ulitupigia makofi. Kuna walioacha kununua sahani zetu. Kuna waliosema Nejla ametaka kuvunja posa kwa sababu amepata tajiri wa Ufaransa. Huyo tajiri tulimsikia sana, tukawa tunaulizana mezani, "Jamani, hajaleta hata chokoleti?" Siku moja hamamu, kwenye bafu la umma la wanawake, jirani yetu Mabrouka, ambaye mdomo wake haupumziki hata Ijumaa, alisema kwa sauti ya kusikika katikati ya mvuke, "Mimi wasichana wangu wakiguswa wanapiga kelele hadi Hammamet. Anayenyamaza ana lake."

Mama Bahija alikuwa ananisugua mgongo. Akaacha. Akasimama na kitambaa chake cha kusugulia mkononi, mwili wote sabuni.

"Mabrouka," akamwambia, "mwaka ule nyoka alipoingia jikoni kwako, ulipiga kelele?"

Wanawake wakaanza kukohoa. 

"Ulikaa juu ya friji bila sauti mpaka mume wangu akaja kukushusha. Tulikuuliza kama unampenda nyoka?"

Hamamu nzima iliangua kicheko, na hata Mabrouka mwenyewe, baada ya kununa kidogo, alijimwagia maji kichwani na kusema, "Wallahi yule nyoka alikuwa mkubwa." Lakini jambo jingine lilitokea siku ile ambalo halikuwa la kuchekesha. Tulipokuwa tunavaa, mwanamke mmoja kijana, mwalimu, ninayemfahamu kwa sura tu, alinisogelea akauliza kwa kunong'ona jina la yule afande. Nikamwandikia. Baada yake wakaja wengine.

Kesi ilichukua muda, kama kesi zote. Wakili wa Wajdi alikuwa na hoja moja, nayo aliizungusha kila upande: walikuwa wachumba, alikwenda kwa hiari yake, hakupiga kelele. Nejla alijibu akiwa amesimama wima. Wakili alipomuuliza, "Si ulikuwa unakwenda kuwa mke wake?" alimjibu, "Ndiyo. Na hata mke husema hapana." Nilikuwa nimekaa karibu na Mama Bahija. Alinifinya paja mpaka nikapata alama.

Kisha wakamwita Mehrez.

Bi Zakia alikuwa amekuja nyumbani kwetu juma lililotangulia akilia, akimsihi kwa maziwa aliyomnywesha utotoni, maana kweli kuna kipindi aliwanyonyesha wote wawili, aseme hakusikia vizuri. Mehrez alimkalisha, akampa maji, akamsindikiza hadi kwake kwa heshima zote. Hakumwahidi kitu. Siku hiyo mahakamani, Wajdi alimwangalia kwa macho yale yale ya sebuleni, ya ndugu anayengoja ndugu yake.

"Nilimsikia akisema kwamba dada yangu alisema hapana," Mehrez akamwambia hakimu. "Alisema wote husema hapana mwanzoni. Nilikuwa nimekaa mbele yake kama nilivyokaa hapa. Aliniomba niwaeleze wazazi wangu kwamba hayo ni kawaida. Sikusema kitu siku ile. Leo nasema. Si kawaida. Huyu ni ndugu yangu wa kunyonya, na ninamwambia mbele yenu, Wajdi, alikuambia hapana."

Wajdi aliinamisha kichwa. Sijui kama ni kwa aibu au kwa hasira, na sitajifanya najua. Alipatikana na hatia, akafungwa. Wamekata rufaa, na wakili wetu anasema itachukua muda nayo. Mehrez aliporudi nyumbani alijifungia bafuni, akalia kwa kumlilia rafiki aliyemjua tangu ana meno ya maziwa. Nilimwacha alie. Mtu anaweza kufanya lililo sawa na bado likamuuma.

Nejla hakupona siku ya hukumu, kama watu walivyotegemea. Alipona vipande vipande. Alikuwa anakwenda Tunis kuongea na mama mmoja mtaalamu wa majeraha ya nafsi, mara nyingine anarudi mchangamfu, mara nyingine anarudi analala na viatu. Siku moja, bila kumwambia mtu, alichukua burashi. Hakuchora samaki. Alichora ndege, ambao hakuwahi kuwachora kabla, wenye miguu mirefu na macho makali ya kukutazama. Baba Tijani aliitoa sahani ya kwanza tanurini, akaigeuza huku na huku, akasema tu, "Huyu anauma." Kwa Baba Tijani hiyo ni sifa kubwa.

Sasa Jumamosi anafundisha wasichana kuchora, katika kituo cha vijana. Mikono ikiwa na kazi, midomo hufunguka yenyewe. Kuna mmoja alimuuliza, dada Nejla, mchumba wangu akitaka picha zangu nami sitaki, nitamkataaje bila kumuudhi? Nejla akamwambia, "Mkatae kwanza. Akiudhika, umemjua mapema, na bila gharama." Wasichana wakacheka, na mmoja akaomba arudie ili airekodi. Baadaye wavulana wa kituo walilalamika kwamba wao hawafundishwi, wakaletewa Mehrez. Sijui anawaambia nini. Najua tu kwamba siku ya kwanza alirudi amelowa jasho akasema, "Afadhali hakimu."

Sikukuu iliyopita, Idi ndogo, nyumba ilijaa ndugu. Akaja mjomba wake Mehrez kutoka Sfax, mtu mzuri, mwenye masharubu ya kuchoma, na akataka kumbusu Chahd kama anavyobusu watoto wote. Chahd akarudi nyuma, akajificha nyuma ya kiti. "Sitaki," akasema. Zamani tungemsukuma. Tungemwambia nenda, ni babu yako, usiwe na adabu mbaya.

"Mwacheni," Mama Bahija akasema kutoka jikoni, bila hata kugeuka. "Amesema hataki."

Mjomba akacheka, ameudhika kidogo. "Bahija, siku hizi hata mtoto wa miaka sita tunamwomba ruhusa?"

"Ndiyo. Muombe, utaona kama utakufa."

Watu walikuwa wanatazama. Mjomba, kwa heshima zake, aliinama na masharubu yake, mikono magotini. "Bi Chahd," akasema, "naweza kukubusu?"

Chahd alimtazama kwa makini, kama anayechagua tikiti maji sokoni. "Hapana," akasema. Kisha akaona uso wa mzee umeanguka, akaenda mezani, akachagua kaki kubwa kuliko zote, biskuti yenye unga wa sukari, akamtilia mkononi. "Lakini unaweza kukaa na mimi."

Nejla ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akalazimika kuweka sinia chini, machozi yanamtoka, na mjomba akakaa kwenye kile kiti kidogo karibu na Chahd, magoti yakimgusa kidevu, anakula kaki yake, sukari yote kwenye masharubu.